Ma wa Okoyong: Mary Slessor na Watoto Aliowafanya Wake



Kamati ya gazeti hili iliponiomba niandike maisha ya mtumishi mmoja wa zamani, ilinipa majina ya wahubiri wakubwa, wale wa mikutano ya viwanjani. Nikawaambia hao wengine watawaandika vizuri kuliko mimi. Mimi nilitaka mlezi. Katika ushirika wetu huu zipo nyumba nyingi zenye mtoto ambaye hakuzaliwa mle ndani, na wenye nyumba hizo husifiwa sana madhabahuni Jumapili, halafu Jumatatu wanabaki peke yao na kopo la maziwa lililokwisha. Mimi na mwenzangu ni mmoja wa nyumba hizo, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Basi niliyemchagua ni Mary Slessor. Hakuwa Mpentekoste, hilo niliseme mapema wasije wazee wakanishika shati. Alikuwa Mpresbiteri wa Uskoti, na moto wa Azusa ulipowaka mwaka 1906 yeye alikuwa anakaribia kutimiza miaka 30 ya utumishi katika misitu ya Calabar, ambayo leo ni sehemu ya Nijeria. Lakini soma mpaka mwisho kwanza.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1848 huko Aberdeen, mtoto wa pili kati ya saba. Baba yake, Robert, alikuwa fundi viatu, na pombe ilimla. Mama yake alikuwa mfumaji wa nguo na mtu wa kanisa kwelikweli. Mwaka 1859 familia ilihamia mji wa Dundee kutafuta maisha, na maisha yenyewe hayakupatikana. Mary alikuwa na miaka 11 alipoingizwa kwenye kiwanda cha Baxter: nusu ya siku anafanya kazi, nusu nyingine anakwenda shule ya hapohapo kiwandani. Alipofika miaka 14 alikuwa mfumaji kamili, anaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni. Mshahara wake ndio uliokuwa ukiweka mkate mezani. Jumamosi usiku yeye na mama yake walikaa macho wakimsubiri baba arudi, na siku nyingine baba huyo alikichukua chakula alichobakiziwa, ambacho wenzake walikuwa wamejinyima, akakitupa motoni.

Nimeanza na hayo kwa sababu watu wakimsimulia Mary Slessor huanzia kwenye meli. Mimi naona ukianzia kwenye meli hutaelewa kwa nini mwanamke huyu hakuweza kupita mahali penye mtoto analia akaendelea na safari.

Baba alifariki, ndugu wa kiume nao wakafa, wakabaki mama na mabinti. Mary alifundisha shule ya Jumapili kwenye mitaa ya vibanda ya Dundee, kati ya vijana wahuni, na huko ndiko alikojifunza kutoogopa watu. Habari za kifo cha David Livingstone zilipofika Uingereza mwaka 1874, ziliwagusa vijana wengi, naye alikuwa mmoja wao. Aliomba kazi ya umisionari, akakubaliwa, na tarehe 5 Agosti 1876 akapanda meli iitwayo Ethiopia pale Liverpool. Meli hiyohiyo ilikuwa imepakia mapipa na mapipa ya pombe kali ya kwenda kuuzwa Afrika Magharibi. Binti wa mlevi anasafiri na mzigo wa pombe. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo wala hakulisahau.

Miaka yake ya kwanza alikaa Duke Town, kisha Old Town na Creek Town, kwenye mdomo wa mto Calabar. Alijifunza lugha ya Kiefik mpaka wenyeji wakasema ana kinywa cha kwao. Aliishi kimaskini, akila vyakula vya wenyeji. Wengine walidhani ni kwa ajili ya utakatifu tu, kumbe sehemu kubwa ya mshahara wake ilikuwa inarudi Dundee kumtunza mama na dada zake. Hapo kila mmoja wetu anayetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi anaelewa bila kuelezwa.

Sasa tuje kwenye mapacha.

Katika nchi ile, wakati ule, kuzaliwa kwa mapacha kulikuwa balaa. Watu waliamini kwamba mmoja wa wale wawili amezaliwa na pepo mchafu, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua ni yupi, waliuawa wote. Walitiwa kwenye chungu cha udongo na kutupwa porini. Mama yao alifukuzwa, akae msituni au afie huko, na hata njia aliyopita iliogopwa. Tusicheke. Babu zetu wengine huku Afrika Mashariki nao walikuwa na miiko yao juu ya mapacha, na juu ya mtoto aliyetanguliza miguu, au aliyeota meno ya juu kwanza. Wamisionari waliomtangulia Mary walikuwa wamekwisha kuipinga desturi hiyo na kuokoa baadhi. Yeye alilofanya zaidi ni kuwaingiza watoto nyumbani kwake na kuwaita wake.

Janie ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa moja kwa moja. Alikuwa pacha, mwenzake, mvulana, aliuawa. Mary alimpa jina la dada yake mwenyewe. Alipokwenda likizo Uskoti mwaka 1883 alikwenda naye, mtoto mchanga mweusi mikononi mwa mfanyakazi wa kiwanda, na Janie akabatizwa katika kanisa lilelile la Wishart pale Dundee alikolelewa Mary. Fikiria mwenyewe macho ya watu barabarani.

Kuna jambo linalosimuliwa juu ya baba wa Janie ambalo mimi hulirudia kila tunapokaa na wazazi walezi wapya. Baba huyo alikuwa hai, akiishi maeneo yaleyale, na alikuwa akimwogopa mtoto wake kama mtu anavyoogopa nyoka. Siku moja alifika kwa Mary akasimama mbali. Mary hakumhubiria. Alimshika mkono, akamvuta mpaka kwa mtoto, akamzungushia mikono yake kwenye mwili wa binti yake. Yule mtu alitetemeka. Kisha hofu ikamtoka, akamkalisha mtoto mapajani, na tangu siku hiyo akawa anakuja kumwona akileta zawadi za chakula. Mary alikuwa na kila sababu ya kumficha Janie asionwe na watu waliomtupa. Hakumficha. Sisi wengine, mtoto akiuliza tu habari za kwao, tunabadilisha mazungumzo.

Mwaka 1886 ulikuwa mwaka wa msiba. Mama yake alifariki mwanzoni mwa mwaka, na miezi michache baadaye dada yake Janie akamfuata. Dada mwingine, Susan, alikuwa ameshafariki mwaka 1883. Uskoti hakukuwa tena na mtu wa kumtumia pesa wala wa kumwandikia barua za siri za moyo. Tangu hapo familia yake ilikuwa ile iliyolala kwenye sakafu ya nyumba yake Calabar.

Miaka miwili baadaye alihamia Okoyong, mahali ambapo watu wengi hata wa pwani waliogopa kwenda. Mfalme Eyo wa Creek Town alimpa mtumbwi wake mwenyewe pamoja na wapiga makasia. Ilikuwa Agosti 1888, mvua inanyesha. Kutoka kwenye kingo za mto mpaka kijiji cha Ekenge ilikuwa kiasi cha maili nne za njia ya msituni, na alikuwa na watoto watano. Mvulana mkubwa alitangulia na sanduku la chai, sukari na mkate kichwani. Nyuma yake mwingine na birika na sufuria. Wadogo wakafuata wakilia, Janie akiwa mmoja wao, na Mary akafunga msafara akiwa amebeba mtoto mchanga. Walifika giza limeingia, wamelowa, wana njaa, wakakuta kijiji kitupu: watu wote walikuwa wamekwenda matangani kijiji cha jirani. Wabeba mizigo nao hawakuja. Walikuwa wamechoka wakalala mtoni. Ilimbidi awalaze watoto, kisha arudi peke yake usiku ule kuwaamsha, ili apate nguo kavu za kuwabadilisha.

Unajua, tukisimulia maisha ya watumishi tunapenda sana usiku wa maombi na upako. Huu ulikuwa usiku wa nguo kavu.

Alikaa Okoyong miaka 15. Chifu Edem wa Ekenge alimpokea, lakini msaada wake mkubwa ulikuwa dada wa chifu, Ma Eme, mwanamke mnene, mjane, mwenye akili nyingi. Ma Eme hakuwahi kukiri Ukristo hadharani, na jambo hilo lilimhuzunisha Mary mpaka mwisho. Lakini ndiye aliyekuwa akimlinda. Kulipokuwa na jambo la hatari kijijini, mauaji yanapangwa au kiapo cha sumu kinaandaliwa, Ma Eme alimtuma mtu na chupa, eti anaomba dawa. Mary akiiona chupa ile tu alijua, akatoka. Naomba wapendwa mlitafakari hilo. Mlezi huyu hakusaidiwa na waliookoka peke yao. Jirani asiyeingia kanisani kwako anaweza kuwa ndiye atakayekuamshia mtoto wako akiwa na homa usiku wa manane.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo mwanzoni. Watoto wachanga aliwatundikia vitanda vya bembea kuzunguka kitanda chake, kila kimoja na kamba yake, na usiku aliyelia alivutiwa kamba akabembezwa bila Ma kuamka kabisa. Ma ndilo jina walilomwita wote, machifu kwa watumwa.

Na maziwa? Nguo? Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo nieleze. Kutoka Uskoti yalikuwa yakija masanduku. Akina mama wa makanisa na watoto wa shule za Jumapili walishona magauni, wakaweka vitambaa na vyakula vya makopo, wakafunga, wakasafirisha kwa meli miezi kadhaa. Walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na wengi wao hawakumwona Janie hata siku moja. Mary aliwaandikia barua ndefu, mara nyingi usiku, akiwaeleza ni mtoto gani amevaa gauni lipi. Aliwafanya wawe shangazi wa watoto wale. Sio michango ya dharura, ile ya kuzungusha bahasha mtoto akishalazwa. Yalikuwa matunzo ya kudumu. Hata uzeeni, miguu ilipokataa, marafiki haohao walimtumia kigari cha kusukumwa, na vijana wake wakawa wanamsukuma kwenye njia za msituni.

Msafiri Mwingereza Mary Kingsley alimtembelea, na katika kitabu chake cha mwaka 1897 juu ya safari zake Afrika Magharibi alieleza kisa cha mwanamke mtumwa aitwaye Iye. Iye alijifungua mapacha. Alitendewa vibaya, vitu vyake vikaharibiwa, watoto wakatiwa ndani ya kasha la pombe, akatwikwa kichwani na kufukuzwa. Mary alipata habari akatoka mbio, akamkuta njiani na kundi la watu likimzomea. Alimtua ule mzigo. Mvulana alikuwa amekwisha kufa, msichana alikuwa hai. Mary alijua kwamba akimpitisha mwanamke yule kwenye njia ya kijiji, watu hawataitumia tena njia hiyo. Basi alisimama pale na kungoja mpaka ikafyekwa njia mpya ya kufika nyumbani kwake. Hakuwapasua watu vichwa na imani yao kwa siku moja. Alikata njia nyingine.

Yule msichana aliitwa Susie, jina la dada mwingine wa Mary. Alikuwa kipenzi cha nyumba. Kabla hajatimiza miaka miwili alijimwagia maji ya moto, akafa. Mary aliomboleza kama mama yeyote, na wale waliodhani mtoto asiyekuwa wa tumbo lako haumizi wangemtazama wiki ile wangenyamaza. Hakufiwa na Susie tu. Wengi walioletwa kwake walifika wakiwa wameshapoa, wameng'atwa na wadudu, wamekaa siku nzima bila kunyonya, na makaburi madogo yaliongezeka kando ya nyumba. Nalisema hili wazi kwa sababu yupo dada mmoja katika ushirika wetu ambaye mtoto aliyemchukua alifariki baada ya miezi minne, na mtu akathubutu kumwambia ashukuru kwa kuwa hakuwa wake.

Mambo mengine nitayapita haraka. Mwaka 1891 alichumbiwa na mwalimu kijana wa misheni, Charles Morrison, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kama 18. Bodi ya misheni ilikataa Morrison ahamie Okoyong kwa sababu ya afya yake, na Mary hakukubali kuondoka kule. Uchumba ukafa, hakuolewa kamwe. Mwaka 1892 serikali ya kikoloni ilimfanya kuwa makamu wa konsuli katika Okoyong, akawa anaamua kesi, mwanamke wa kwanza kupewa kazi kama ya uhakimu katika himaya ya Waingereza. Inasemekana alikuwa mkali, na machifu wengine walionja kofi lake. Mimi siwezi kuusifia ukoloni, na kofi si huduma. Ila wanawake na watumwa walijua kwamba barazani kwake watasikilizwa.

Mwaka 1898 alikwenda likizo na mabinti wanne: Janie aliyekuwa na miaka kama 16, halafu Mary, Alice, na Maggie ambaye bado alikuwa mchanga. Watu wa Uskoti waliokuwa wameshona magauni kwa miaka mingi sasa wakawaona waliokuwa wakiyavaa.

Kuhusu Janie nina neno, na sijui kama wote mtakubaliana nami. Ukisoma maisha ya Mary Slessor, Janie yumo kila ukurasa: anabeba mchanga, anapika, anafundisha, anashika nyumba Ma akisafiri, anauguza Ma akiwa na homa. Bila Janie ile nyumba isingesimama mwaka mmoja. Swali langu ni kama Janie alipata kuwa mtoto. Mary alimpenda, hilo halina shaka, na watu wa nje wakimdharau aliwaka moto. Lakini kifungua mimba wa kulelewa huwa anageuzwa msaidizi bila mtu kutambua, kwa kuwa anataka sana kuonyesha kwamba hakupokelewa bure. Tuwaangalie wakubwa wetu. Mtoto anayefua nguo za wote bila kuambiwa huenda anaogopa kurudishwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mary alihamia Itu, kisha Ikot Obong, kisha Use, akizidi kuingia bara. Na huko uzeeni ndiko alikofanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote. Aliona kwamba amewaokoa wasichana wasife, lakini hajawapa pa kukaa. Kwa desturi za kule mwanamke alikuwa salama akiwa chini ya uwanja wa mume au mkubwa fulani. Mama wa mapacha aliyefukuzwa, mjane, msichana aliyelelewa na mzungu, hao hawakuwa na uwanja wa mtu yeyote. Siku Ma akifa wangekuwa wa nani? Basi pale Use alianzisha makazi ya wanawake na wasichana: ardhi ya kulima, miti ya matunda, mifugo, ususi wa vikapu na kazi za mianzi ili wapate cha kuuza wajitegemee. Alikuwa na zaidi ya miaka 55, mgonjwa wa malaria na baridi yabisi, na bado alikuwa akisimamia upandaji.

Hapa nasimama kidogo niwaulize walezi wenzangu. Siku hizi kumwasili mtoto kunapitia ustawi wa jamii na mahakama, iwe Kenya au Tanzania, na wengi wetu tunaogopa gharama na makaratasi, tunamlea hivihivi kwa mapenzi. Mapenzi tunayo. Lakini ukifumba macho leo, ndugu zako watakuja kwenye mirathi, na yule uliyemwita mwanangu kwa miaka 15 ataulizwa yeye ni nani humu. Wapo waliokwisha ulizwa, tunawajua, na mmoja wao alikuwa akiimba kwaya yetu. Mary hakuwa na mahakama ya kumwandikia hati za watoto. Alichokuwa nacho ni ardhi, akahangaikia ardhi.

Mwaka 1907 alikwenda Uskoti kwa mara ya mwisho, safari hii na mvulana wa miaka kama sita, Dan. Alirudi Calabar na hakuondoka tena. Mwaka 1913 alipewa nishani ya Mtakatifu Yohana wa Yerusalemu. Watu walimpongeza mno, naye aliona haya, hakujua pa kuiweka. Mwaka uliofuata vita kuu ilianza Ulaya na habari zake zilimwangusha. Homa ikamrudia Januari 1915 akiwa Use.

Usiku wa mwisho mabinti walikuwa wamemzunguka: Janie, Annie, Maggie, Alice na Whitie. Walikuwa wakipokezana kumkesha, wakimgeuza, wakimlowesha midomo. Maombi yake ya mwisho aliyasema kwa Kiefik, lugha waliyokuwa wakiongea nyumbani. Alfajiri ya tarehe 13 Januari alifariki, na kilio chao kikasikika vijiji vya karibu. Mwili ulishushwa kwa mto mpaka Calabar, akazikwa kilimani Duke Town. Baada ya mazishi, mabinti walirudi Use. Shamba lilikuwa pale, miti imeanza kuzaa, na wadogo walikuwa wakiwasubiri mlangoni.